Watambuzi wa Ushahidini

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako cha chai: njaa ya leo asubuhi uliijuaje? Kuna mtu alikupigia hodi akakwambia, "Bibie, una njaa," ama uliisikia mwenyewe ikikukwangua tumbo kama paka anayetaka kufunguliwa mlango? Usicheke. Iko nchi ambayo swali hilo limewekewa baraza, na baraza likawekewa walinzi, na mwanamke mmoja jina lake Kidawa aliingia huko kumfuata mdogo wake, nusura atoke hajijui kama ni yeye.

Nchi yenyewe inaitwa Ushahidini. Njia ya kufika huko haina haja ya kusimuliwa. Vumbi ni vumbi, na miguu ya Kidawa ilivimba kama ya msafiri mwingine yeyote. Kwapani alibana bunda la ukindu, mwekundu na wa zambarau, maana kazi yake ni kusuka mikeka na vidole vyake havijui kukaa bure. Mdomoni alibeba ujumbe mmoja tu: "Mama anataka Mwatime arudi nyumbani."

Mwatime ndiye huyo mdogo wake, aliyeolewa Ushahidini na bwana mmoja mpole aitwaye Faki. Faki alikuwa amefariki, Mungu amrehemu. Na habari zilizofika nyumbani baada ya matanga zilikuwa za ajabu: kwamba Mwatime hakulia, hasemi, uso wake hauna kitu, na wakubwa wa nchi ile wanataka kumtangaza kuwa mtupu. Mtupu maana yake nini, aliyeleta habari hakujua. Kidawa hakulala vizuri tena tangu siku hiyo.

Langoni alipokewa na askari mnene, jasho likimtiririka shingoni.

"Habari zangu?" akauliza yule askari.

"Habari za nani?" akashangaa Kidawa.

"Zangu mimi, bibie. Nikoje?"

Kidawa akamtazama juu hadi chini, akaona bora aseme la heri. "Uko salama. Joto tu."

Yule bwana akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi! Tangu alfajiri nimesimama hapa sijapata wa kunipa habari zangu. Basi na wewe pokea zako: umechoka, una wasiwasi, na una kiu."

Kuchoka, kweli. Wasiwasi, kweli. Kiu hakuwa nayo, alikunywa mtoni muda si mrefu. Lakini alipoambiwa tu, koo likamkauka palepale. Akaomba maji akanywa kata nzima, na alipoirudisha kata hakujua tena kama ile kiu ilikuwa yake au aliazimwa.

Hivyo ndivyo watu wa Ushahidini wanavyoishi. Sheria yao kuu ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa shahidi wa ndani yake mwenyewe. Ukisema "nina furaha" au "naumwa," hiyo kwao ni sauti tu, sawa na mlango unaolia bawaba. Habari ni ile iliyoletwa na watu wawili ambao si wewe, waliokutazama, wakakupima, wakakubaliana. Kwa hiyo kila mtu amepewa watambuzi wake wawili, na kazi ya mtambuzi ni kumwambia mwenzake anavyojisikia.

Kidawa alifikia kwa Bi Zawena, mtambuzi wa kwanza wa Mwatime, mama wa makamo, msafi, aliyejifunga kiunoni kamba laini ya kupimia mapigo. Bi Zawena alimkaribisha kwa muhogo wa nazi, akamweleza mambo ya nchi kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni choo kiko wapi.

"Usituone wajinga, shoga. Zamani hapa kila mtu alikuwa akisema, 'Moyo wangu umeniambia.' Huyu moyo umemwambia shamba ni lake, yule moyo umemwambia mke wa jirani anampenda, mwingine Mwenyezi Mungu amesema naye chumbani. Na nani atambishia? Alichokiona amekiona peke yake. Watu wakakatana mapanga. Ndipo wazee wakasema, basi, mambo ya ndani yasiyo na shahidi yafungwe."

Kidawa akautafuna muhogo. Alitafuta kosa katika maneno yale asilione, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

"Na wewe," akasema Bi Zawena, akimshika kifundo cha mkono, "umeshiba."

"Bado kidogo, bibie."

"Umeshiba," akasema Bi Zawena, na sahani ikaondolewa.

Siku zilizofuata Kidawa alikuwa kama mtu aliyevaa nguo yenye upupu. Akikaa, anaambiwa amechoka. Akisimama, anaambiwa ana haraka. Akivuta ukindu asuke, jirani anachungulia dirishani: "Una huzuni leo, bibi mgeni, nimeona kwa vidole." Akienda nyumba ya ibada, anakuta watu wakimaliza sala wanageukiana, huyu anamuuliza huyu, "Nilikuwepo?" Mwenzake anamjibu, "Mwanzo ulikuwepo. Katikati ukaondoka, ukarudi kwenye Amina." Naye anashukuru, anarudia sala.

Na siku moja aliona kioja ambacho hadi leo hajui acheke ama alie. Sudi, mpishi wa mtaa ule, alishika mfuniko wa sufuria ulioiva kwa moto. Badala ya kuutupa, akasimama nao mkononi, macho yamemtoka, anapiga kelele: "Jamani! Hivi mimi naungua?"

Mtambuzi wake mmoja alikuwa jirani. "Naona mkono, naona mfuniko," akasema, "lakini mwenzangu yuko sokoni."

"Mwiteni basi!"

"Ameitwa. Vumilia. Huenda ukawa unasikia baridi. Mwaka jana ulituchanganya hivi hivi."

Kidawa akauruka moto, akaupiga ule mfuniko ukaanguka. Watu wakamtazama kama aliyekojoa msikitini. Mtambuzi wa pili akaja akihema, akalichunguza lengelenge, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Alikuwa anaungua kweli," akasema. Sudi akaanza kulia hapo hapo, kwa raha ya mtu aliyepata ruhusa.

Sasa nikupeleke kwa Mwatime, siku ile ile Kidawa alipofika. Aliwekwa chumba cha uani kwa Bi Zawena, na hakuachwa peke yake hata kidogo: Bi Zawena upande huu, na upande ule mtambuzi wa pili, Bwana Shekue, mwembamba, mwenye kioo cha kushika pumzi na unyoya wa kupima kama mtu ameshtuka. Mwatime alikuwa akiosha vyombo. Kidawa alimbeba mgongoni mtoto huyu, anamjua hadi kovu la goti. Lakini uso aliomgeuzia siku ile ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Akamkumbatia dada yake kwa nguvu, akamwachia, akarudi kwenye vyombo.

"Mwatime, mdogo wangu. Mama anataka urudi nyumbani."

Bwana Shekue akapiga kofi pajani. "Umesikia, Bi Zawena? Adabu hiyo! Hasemi anataka yeye. Amebeba matakwa ya mwingine, safi, hayakuguswa."

"Mama anataka," akarudia Kidawa, kwa kuwa neno hilo lilipendwa, "na majirani wote wanakuulizia. Watoto wa kaka Tabu wanasema shangazi atarudi lini."

Mwatime akasuuza bakuli, akaliinamisha likauke.

"Huzuni," akanong'ona Bi Zawena. "Amelisuuza bakuli mara mbili."

"Furaha," akasema Bwana Shekue. "Unyoya haukutikisika. Mtu mwenye huzuni huwa na pumzi ya vipande."

"Mjane ana furaha gani, wewe mwanamume?"

"Mume alikuwa anakoroma."

Hapo ndipo penye shida yote. Watambuzi wawili wasipokubaliana, ndani ya mtu hapajulikani, na pasipojulikana kwa muda mrefu panahesabiwa hapana kitu. Mtu huyo anatangazwa mtupu. Bi Zawena alimwonyesha Kidawa mtupu mmoja, wakiwa wote wanne uani wakianika muhogo. Alikuwa mzee anayefagia njia. Watu walimpita kama wanavyopita nguzo. Hakuna aliyemwambia habari zake.

"Masikini," akasema Bi Zawena. "Hana mtambuzi. Nani apoteze kamba yake kupima debe tupu? Anaweza kwenda popote, akalala popote, hakuna atakayejua."

Yule mzee akasimamisha ufagio, akaenda kwenye pembe ya ukuta, akajikuna mgongo polepole, juu na chini, macho amefumba. Halafu akatoa ndizi mfukoni, akaila, bila kumuuliza mtu. Bi Zawena na Bwana Shekue walikuwa wamegeukia muhogo. Kidawa peke yake aliona Mwatime akimwangalia yule mzee, akimfuata kwa macho hadi alipopinda kona. Moyo wa Kidawa ukapiga, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

Siku ya baraza watu walijaa hadi kwenye ngazi. Aliyekaa kitini ni Bwana Mwinyikai, Mwenye Baraza, mzee nadhifu ambaye watambuzi wake walikaa nyuma yake na kila mara walimnong'oneza, "Una subira, Bwana," "Sasa unaanza kuchukia, Bwana," naye anakunja uso ipasavyo.

Kabla ya kesi lazima yatolewe maoni ya elimu, na elimu yao ina kambi mbili. Kambi ya Mtungi wanasema mtu ni chombo: habari zinamiminwa kwa macho na masikio, na hakuna ndani ila kilichomiminwa, kwa hiyo jua ulichomimina utajua kilichomo. Kambi ya Kisima wanasema la, watu wote ni visima, na maji ya chini ni mamoja. Kwa hiyo jirani akichota kwake amechota kwako. Walibishana hadi mate yakakauka, na cha ajabu wote wawili walifika pale pale: kwamba Mwatime asiulizwe.

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mimi nina swali dogo. Kwenye huo mtungi, na kwenye hicho kisima, nani anayeyaonja maji?"

Kambi mbili zikatazamana, kwa mara ya kwanza kama ndugu.

"Swali hilo halina kipimo," wakasema pamoja.

"Kaa, ami," akasema Bwana Mwinyikai kwa upole. "Watambuzi wa ami, mwambieni ameridhika."

"Umeridhika," wakamwambia. Akakaa, lakini akaendelea kujikunakuna kidevu.

Basi Bi Zawena akasema huzuni, Bwana Shekue akasema furaha, na Mwenye Baraza akasema: "Sheria inaruhusu ndugu wa damu awe shahidi wa tatu. Bibi mgeni, simama. Tumesikia sifa zako. Yasemekana huna matakwa yako mwenyewe."

Kidawa akasimama na ukindu mkononi. "Mama anataka arudi nyumbani, Bwana."

Watu wakanong'ona kwa kupendezwa.

"Vizuri sana. Na huyu Mwatime, ndani yake mna nini? Ukisema mna huzuni ya kukumbuka kwao, utakuwa umekubaliana na Bi Zawena, wawili wametimia. Tutamrudisha kwenu leo hii."

Moyo wa Kidawa ukaruka. Kumbe ni rahisi hivyo! Akafungua mdomo.

"Na Bi Zawena atafuatana naye," akaendelea Mwenye Baraza. "Mtu aliyejaa hawezi kuachwa bila mtambuzi. Watalala chumba kimoja mpaka Mungu amchukue mmoja wao. Huko kwenu nawe utakuwa mtambuzi wa pili."

"Nimeshafunga mzigo," akasema Bi Zawena kwa furaha. "Shoga, huko kwenu dirisha la chumba chake linatazama wapi? Napenda mwanga, nione ngozi."

Kidawa akageuka kumtazama mdogo wake. Mwatime hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alimtazama tu, kama alivyomtazama mfagiaji.

"Bwana," akasema Kidawa, "yeye mwenyewe mmemuuliza?"

Baraza zima likaangua kicheko. Sudi mpishi, mkono umefungwa kitambaa, alicheka hadi akashikilia nguzo. "Aulizwe yeye! Mwizi aulizwe kama ameiba!"

"Unaanza kuchoka, Bwana," walinong'ona watambuzi wa Mwenye Baraza.

"Nimeanza kuchoka," akasema. "Bibi mgeni, jibu. Ndani ya mdogo wako mna nini?"

Na Kidawa jibu alikuwa nalo. Alikuwa na majibu kumi. Alimlea, alimchana nywele, alimfuta kamasi. Nani amjue kuliko yeye? Lilimjia moja, likamjia jingine, yote yakitaka kutoka kwa pamoja kama kuku mlangoni. Alisokota ukindu hadi ukakatika.

"Sijui," akasema.

"Ati nini?"

"Namwona. Ni Mwatime, mdogo wangu, amekaa pale. Kilichomo ndani yake mimi sikijui."

Ungedhani amevua nguo. Wanawake walijifunika nyuso. Mtu akapiga kelele, "Mgeni hana haya!" Kambi ya Mtungi ikasema ni kosa la Kisima, Kisima ikasema ni la Mtungi. Bwana Mwinyikai hakungoja kunong'onezwa, akapiga meza: Mwatime ni mtupu, kuanzia sasa, na atoke. Na pale pale, kama taa iliyozimwa, macho yote yakaacha kumwona. Watu wakaanza kuongea mambo yao. Bwana Shekue akaweka kioo chake mfukoni.

Ila Bi Zawena alibaki amesimama na kamba yake mkononi haina wa kumfunga, machozi yakimdondoka kifuani. "Jamani," akauliza huku na huku, "hivi mimi nalia?" Watu walikuwa na shughuli.

Kidawa alimpita, akarudi. "Unalia, bibie," akamwambia. Bi Zawena akaitikia kwa kichwa, akajifuta.

Walitoka hadi nje ya lango dada na mdogo wake, na yule askari mnene akampokea mmoja tu. "Habari zangu?" akamuuliza Kidawa, na Mwatime akapita ubavuni mwake kama upepo.

Chini ya ukuta wa nje Mwatime akasimama. Akajinyoosha mikono hadi mifupa ikalia. Kisha akaanza kulia, kilio kibaya, cha kamasi na kwikwi, akimwita Faki kwa jina. Kidawa alitaka kusema, "Una uchungu, mdogo wangu," akaling'ata neno kabla halijatoka. Akatembea hatua mbili huku, hatua mbili kule. Hajawahi kuona kazi ngumu kama ile ya kutosema.

Mwatime alipotulia akajifuta kwa kanga. "Siku aliyokufa nilitaka kulia," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Kabla chozi halijafika, washalitangaza mtaani. Likarudi. Nikasema basi, hiki kimoja hawanichukulii. Mimi nilitaka mahali ambapo nikinyamaza, watu waseme, 'Amenyamaza,' wasiongeze kitu."

"Twende nyumbani basi. Mama—"

"Nyumbani?" Mwatime akacheka kidogo. "Nyumbani mama akiniona nimekaa kimya husema nina kiburi. Wewe husema nina njaa. Hapa sasa mimi ni mtupu, dada. Naweza kula ndizi yangu pembeni, hakuna atakayenigusa."

Kidawa akamshika ncha ya kanga. "Lakini mama anataka urudi."

"Umeshasema."

"Na watoto wa Tabu wanakuulizia. Na majirani. Hata mwalimu wa madrasa."

"Wote hao wananitaka." Mwatime akamtazama, safari hii uso umekaa wazi, pua nyekundu. "Mama alikwambia lini?"

Kidawa akautafuta ukindu, akakuta ameuangusha barazani. Vidole havikuwa na cha kushika. Akavikunja, akavikunjua. Ndani ya lango yule askari alikuwa akimuuliza mpita njia habari zake. Kidawa alingoja kidogo, kama mtu anayetumaini mwingine atamsemea, na hapakuwa na mtu.

"Mama hakusema kitu," akasema. "Mama alisema tukuache, utajua mwenyewe la kufanya. Mimi ndiye ninayetaka. Nyumba ile imenishinda peke yangu, Mwatime. Mimi, Kidawa, nataka urudi."